Mlinzi Asiyewasha Moto

Maiti ilikuwa imekaa.

Ndicho kilichomkera Inspekta Athuman Dadi tangu alipoinama kupita chini ya mihogo na kumwona yule mtu. Maiti alizozizoea zilikuwa za kulala: chali, kifudifudi, ubavu. Huyu alikaa juu ya mkeka kama mtu aliyechoka kungoja, mgongo ameuegemeza kwenye kisiki, blanketi mabegani, fimbo juu ya mapaja. Tundu la risasi lilikuwa kifuani, upande wa kushoto, na lilikuwa dogo kiasi cha kuzibwa kwa kidole gumba.

"Nani kamgusa?"

"Hakuna, Afande," alijibu Koplo Venanti, dereva wake. "Mkewe alitaka kumfunga kidevu, tukamzuia. Amekaa pale njiani. Hajalia bado."

Inspekta alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Ilikuwa tabia yake. Alifuta miwani kila alipokosa la kusema. Kituo chake kilikuwa Kasulu. Alikuwa Kibondo kutoa ushahidi katika kesi ya wizi wa ng'ombe wakati simu ya upepo ilipoita kutoka kituo kidogo cha doria cha Gisenga, upande wa Mabamba, mpakani na Burundi. Viatu alivyovipiga rangi kwa ajili ya hakimu sasa vilikuwa vyekundu kwa vumbi, na hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kukiri.

"Marehemu ni nani?"

"Reverien. Alitoka ng'ambo mwaka wa sabini na mbili, wakati wa yale mauaji ya kwao. Mkulima. Mtu mpole, kwa jinsi wanavyosema."

"Na aliyempiga tunaye?"

"Tunaye, Afande. Konstebo Nestori, wa kituo hiki hiki. Mwenyewe alikwenda kumwamsha mkuu wake na kusema ameua mtu."

Kesi iliyojimaliza, basi. Inspekta alizunguka kisiki polepole. Mkeka, blanketi, fimbo, kibuyu cha maji. Alitazama chini tena. Katika vilima hivi kila mtu anajua mlinzi wa shamba anavyokaa: anawasha moto, anaweka debe karibu, na usiku kucha anapiga debe na kuwatukana nguruwe pori ukoo wao wote. Hapa hapakuwa na debe. Hapakuwa na majivu.

"Mlinzi gani huyu asiyewasha moto?"

Venanti alikuwa amechuchumaa mbali kidogo, upande wa kulia, karibu na kichuguu.

"Afande, njoo uone. Samahani, ni mambo ya nguruwe."

"Mwislamu hakatazwi kutazama," alisema Inspekta, akaenda.

Nyayo zilikuwa mbichi. Nguruwe alikuwa amesimama akifukua mhogo, kisha kwato zikachimba udongo kwa nguvu, na hatua zikaanza kuruka kuelekea bondeni. Kitu kilikuwa kimemshtua. Kati ya kichuguu na kisiki palikuwa na nafasi ya kutosha kujenga nyumba ndogo.

Walirudi njiani, mahali lilipookotwa ganda la risasi. Kutoka hapo kichuguu kilikuwa upande mmoja na kisiki upande mwingine. Aliyelenga hiki hawezi kupiga kile kwa kutetemeka mkono.

*

Nestori alikuwa kijana wa Kasulu mjini, mrefu, shingo nyembamba. Walimwondolea mkanda na kamba za viatu, akawa anaburuta miguu.

"Ulilenga nini?"

"Nguruwe, Afande."

"Gizani?"

"Nilikuwa na ile taa. Ya infraredi."

Inspekta alikwishaisikia. Mwaka ule, sabini na nane, vituo vichache vya mpakani vilipewa vifaa vya majaribio: miwani mizito ya kuvaa kichwani, na taa ndogo ya kufungwa chini ya mtutu. Taa hiyo hutoa mwanga ambao jicho haliuoni hata kidogo. Mwenye miwani tu ndiye huuona, duara dogo la kijani, na mahali duara lilipo ndipo risasi itakapokwenda.

"Kijiji kiliomba tuwasaidie na nguruwe," aliendelea Nestori. "Mkuu wa kituo akakubali, doria ikipita mashambani. Sharti lilikuwa moja: penye moto pana mlinzi, usielekeze bunduki. Nilitazama, Afande. Upande ule wote hapakuwa na moto, hapakuwa na debe, hapakuwa na sauti. Nikawasha taa. Nikamwona nguruwe kwenye kichuguu. Duara nikaliweka begani kwake, nikafyatua."

"Kisha?"

"Nguruwe akakimbia. Nikasikia mtu anakohoa. Mara moja tu."

"Wewe na Reverien mlikuwa na ugomvi."

"Mbuzi wake alitafuna shati langu la kazi kwenye kamba."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia nitamwonyesha."

"Utamwonyesha nini?"

"Sijui, Afande. Watu husema hivyo." Macho yalimjaa machozi. "Ukipima ile taa utaona. Lazima ina kasoro. Nakuomba uipime."

Inspekta aliahidi kuipima. Hakuwa mtu wa kuahidi mahabusu mambo, na alipotoka nje alijishangaa.

*

Ghala la silaha la Gisenga lilikuwa chumba kimoja chenye kabati la chuma, na mwenye ufunguo alikuwa Sajenti Kipriani, fundi silaha. Alikuja akitembea kutoka kijijini, ndevu hazijanyolewa, shati limetoka nje ya suruali. Venanti alimnong'oneza Inspekta kwamba Sajenti yuko msibani. Jana yake tu alimzika mama yake, Bibi Epifania.

"Pole sana, Sajenti."

"Tumeshapoa, Afande. Kazi ni kazi."

Alikuwa mtu wa makamo, mikono mikubwa yenye kugusa vitu taratibu. Aliiweka bunduki mezani, akaifungua ile taa bila kuangalia sana. Inspekta alivua miwani yake akaanza kuifuta.

"Usifute kwa shati, Afande. Vumbi lina mchanga, unakwaruza kioo. Puliza kwanza, halafu kitambaa laini. Hata hii taa ni hivyo hivyo."

Inspekta alipuliza kwa utii, kama mtoto wa shule.

Kipriani alibonyeza swichi. Inspekta, aliyekwisha kuvaa ile miwani mizito huku Venanti ameziba dirisha kwa blanketi, hakuona kitu.

"Haiwaki."

"Ngoja." Kipriani alikunja uso. "Tunaanza na betri." Akaitoa, akaipima kwa balbu ya tochi, balbu ikawaka vizuri. "Betri nzima. Tunatazama waya." Waya ulikuwa mzima. "Basi ni hapa." Alielekeza kidole kwenye vile vibati vya shaba ambavyo betri hugusana navyo. "Vimeshika uchafu, umeme haupiti." Alilowesha kitambaa kwa petroli kidogo, akasugua upesi, akarudisha betri.

Sasa duara la kijani lilijitokeza ukutani, tulivu, bila sauti. Inspekta alipoivua ile miwani, ukuta ulikuwa mtupu.

Waliibana bunduki kwenye jiliwa la mezani, isitikisike. Kipriani akatoa bolti ili mtutu ubaki tundu tupu, mtu aweze kuchungulia kutoka nyuma hadi mbele. Venanti akashika mkaa, akachora msalaba ukutani mahali Inspekta alipopaona katikati ya tundu. Kisha dirisha likazibwa tena, taa ikawashwa.

Duara lilikaa juu ya msalaba. Hasa juu yake.

"Iko sawa," alisema Kipriani, na sauti yake ilikuwa ya chini mno.

Inspekta aliivua miwani na kukaa juu ya sanduku. Taa ilikuwa sawa, kwa hiyo risasi ilikwenda duara lilikokwenda. Nestori aliliweka duara kifuani pa mtu, na nguruwe alikuwa hadithi. Jioni ile alipozungumza na Kigoma kwa simu ya upepo, mkubwa wake hakumpa nafasi hata ya kukohoa.

"Kuna ugomvi, kuna tishio, kuna silaha, kuna mtuhumiwa. Unachunguza nini tena? Lori litampitia Jumamosi. Mashtaka ni mauaji."

Kwa mauaji mtu hunyongwa. Inspekta aliliweka chini lile jambo na kujaribu kulala, ila zile kwato zilizochimba udongo hazikumpa usingizi. Nguruwe hadanganyi.

*

Esteri, mjane wa Reverien, alikuwa amekaa uani kwake katikati ya wanawake wengine. Moto mmoja uliwaka mbele yao ingawa jua lilikuwa limepanda.

"Poleni, mama."

"Ego, tumeshapoa." Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno, na sauti ilipanda mwisho wa kila sentensi. "Nyie polisi munataka nini tena? Mutu mumemuua, mumemuchukua, mumemurudisha. Bado nini?"

Inspekta alichuchumaa ili asizungumze naye kutoka juu. Hakujali tena viatu.

"Nataka kujua kwa nini mumeo alikaa shambani bila moto."

Wanawake walitazamana. Mmoja aliguna.

"Wewe si wa huku," alisema Esteri.

"Mimi ni wa Ujiji."

"Basi ndiyo sababu. Lile shamba si letu. Lile ni la Bibi Epifania. Bibi amekufa, watoto wake wako kwenye matanga, hawawezi kushika jembe, hawawezi kukanyaga shambani. Na nguruwe haingoji matanga kuisha. Sasa jirani anakwenda kulinda. Anakwenda kimya. Shamba la wafiwa halipigiwi debe, haliwashiwi moto. Moto wa msiba ni mmoja, uko uani, huu." Alionyesha mbele yake. "Ukiwasha mwingine shambani, umemutukana marehemu."

"Hata doria haijulishwi?"

"Oya, haijulishwi. Nani atatangaza? Ukimutangazia mufiwa kwamba unamulindia, ni kama unamudai. Anaona tu siku ya kuondoa matanga mihogo yake iko salama. Hajui ni nani. Reverien alisema, yule bibi alitupokea tukija na watoto mugongoni, alitupa mbegu. Akachukua mukeka wake akaenda."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, bila kelele. Inspekta alibaki amechuchumaa. Aliona haya, haya ya mtu mzima, na hakujua aone haya kwa niaba ya nani.

Basi Nestori alisema kweli kuhusu moto. Alikuwa mtoto wa mjini. Kwake shamba lisilo na moto lilikuwa shamba lisilo na mtu. Na kama alisema kweli kuhusu moto, kwa nini aseme uongo kuhusu nguruwe?

Lakini taa ilikuwa sawa. Kila alipogeuka aligongana na ile taa.

*

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa mlangoni mwa kituo, miwani mkononi. Aliinua pindo la shati, akakumbuka, akaacha. Akapuliza kwanza. Halafu akasimama vile vile, mdomo wazi, hata Venanti akadhani nzi ameingia.

"Venanti. Usiku wa Jumanne ile taa iliwaka?"

"Si ndiyo, Afande. Nestori alimwona nguruwe."

"Au alimwona Reverien. Vyovyote iwavyo, iliwaka. Baada ya kupiga akaipeleka wapi?"

"Mkuu wa kituo aliitwaa, akamkabidhi Sajenti usiku ule ule. Ikafungiwa."

"Na Jumatano mbele yangu ikakataa kuwaka. Betri nzima, waya mzima. Uchafu kwenye shaba. Uchafu gani uliingia ndani ya taa iliyofungwa, ndani ya kabati lililofungwa?"

Alikwenda kumwomba mkuu wa kituo ufunguo wa akiba. Kile kitambaa cha Jumatano kilikuwa bado juu ya meza, kimekauka. Inspekta alikinusa. Petroli ilikwishapotea. Kilichobaki kilikuwa harufu tamu, na mahali penye doa kidole kilishika kama penye gundi.

"Nta," alisema Venanti, mtoto wa wafuga nyuki wa Busunzu. "Nta ya nyuki, Afande. Hiyo hainipotei."

Wakaitoa ile taa mwangani. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekatika siku nyingi, na vipuri havikuletwa. Fundi alikuwa ameziba ufa wote kwa nta, kazi safi. Nta hiyo ilikuwa imeingia weusi wa moshi wa baruti, kwa kuwa taa hukaa jirani na mdomo wa mtutu. Hilo lilikuwa la kutarajiwa.

Lakini pembeni palikuwa na skrubu mbili ndogo, zile za kuisogeza taa kushoto na kulia, juu na chini, hadi duara likubaliane na risasi. Nazo zilizibwa kwa nta ili zisilegee bunduki inapopiga. Na nta yake ilikuwa ya manjano, inang'aa, haina hata tone la moshi. Kwenye mfuniko wa betri vilevile.

Inspekta alizigusa kwa ncha ya kidole.

"Nta hii haijawahi kuona risasi," alisema. "Mtu amezigeuza skrubu baada ya Reverien kufa. Akazifunga upya kwa nta ya moto, na kwa haraka nyingine ikachuruzika ndani hadi kwenye shaba. Ndiyo maana haikuwaka. Taa tuliyoipima sisi siyo taa aliyoishika Nestori."

Venanti alivua kofia. "Ufunguo anao Sajenti."

"Najua anao nani," alisema Inspekta, na hapakuwa na furaha yoyote katika sauti yake.

*

Walimkuta Kipriani uani kwa mama yake, amekaa chini pamoja na dada zake. Aliwaona wakija, akasimama kabla hawajamwita. Walikwenda naye nyuma ya nyumba, penye mizinga ya zamani iliyopangwa ukutani.

"Sajenti, unaonywa kwamba lolote utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani."

"Naelewa, Afande."

"Ulizigeuza lini?"

Kipriani hakuuliza nini. "Usiku ule ule. Nilipokabidhiwa bunduki."

"Uliisawazishaje?"

"Kama tulivyofanya mbele yako. Kwa kuchungulia mtutu."

"Kabla yake ilikuwaje?"

"Sikuwa nimeipima." Alikaa juu ya mzinga uliopasuka. "Unyevu uliingia ndani, kioo kikaota ukungu. Jumapili niliifungua, nikakisafisha, nikaziba kwa nta, nikaifunga mahali pake. Taa ukishaitoa na kuirudisha, imepotea njia. Hata uzoefu uwe mkubwa namna gani, lazima uipeleke uwanjani, upige risasi, usogeze skrubu, upige tena. Niliiweka kabatini nikasema kesho. Alfajiri mama akafariki."

"Nestori aliipataje?"

"Alikuja kuchukua ufunguo Jumanne. Ndiyo kwanza tunatoka makaburini. Udongo uko miguuni bado." Alizitazama nyayo zake. "Afande, kwetu mtu akitoka kumzika mzazi, siku hiyo hazungumzi kazi. Hataji chuma, hataji silaha. Kijana alisimama pale kwa adabu, akanipa pole, akanyoosha mkono. Nilitaka kumwambia: taa ile bado, usiitumie. Neno lilinifika hapa." Akagusa koo. "Nikawaona dada zangu wananitazama. Nikampa ufunguo. Nikajiambia leo ni doria tu, hatapiga kitu."

"Baadaye ukasikia mtu ameuawa."

"Nikasikia ameangukia katika mihogo ya mama." Uso ulimkunjamana. "Sikuhitaji kuambiwa alikuwa anafanya nini pale."

Inspekta alivua miwani, akaishika tu.

"Kijana atanyongwa, Kipriani. Uliniacha nikapima taa ile mbele yako, ukaniambia iko sawa. Ungemwacha anyongwe?"

"Oya!" Kwa mara ya kwanza alipaza sauti. "La, Afande. Naapa kwa aliyelala kaburini. Mimi ndiye mkubwa, sina ndugu wa kiume. Matanga yanaondolewa na mtoto mkubwa. Yeye ndiye anayepiga jembe la kwanza, ndipo wengine wanaruhusiwa kulima. Ningekamatwa usiku ule, matanga ya mama yangebaki wazi mpaka nitoke gerezani. Dada zangu wana watoto. Mvua inakuja. Nani angepanda? Nilitaka siku chache tu. Kesho, nikishapiga jembe, nilikuwa naja kituoni kwa miguu yangu. Niliziziba zile skrubu ili nipate hizo siku."

"Na lori linampitia kesho hiyo hiyo. Ulijua?"

Kipriani alitikisa kichwa kukataa, kisha akakiinamisha.

Inspekta Dadi alikuwa amewahi kuwachukia wauaji, na kazi ikawa nyepesi. Siku ile alitamani sana kumchukia mtu, akakosa wa kumchukia. Alihurumia hata yule mzee wa Kigoma kwenye simu.

Jioni alizungumza naye tena, na safari hii yeye ndiye hakutoa nafasi ya kukohoa. Shtaka la mauaji lilifutwa, Nestori akaachiwa. Jipya, dhidi ya Kipriani, lilikuwa kusababisha kifo kwa uzembe na kuvuruga ushahidi.

"Umeshamfunga pingu?" iliuliza simu.

"Yuko chini ya ulinzi," alijibu Inspekta, akazima.

Ulinzi wenyewe ulikuwa Koplo Venanti, aliyelala uani kwa wafiwa akila ugali wao.

*

Jumamosi asubuhi ukoo ulikusanyika pembeni ya shamba la Bibi Epifania. Mihogo ilikuwa imesimama mizima, mstari kwa mstari, isipokuwa pale kichuguuni. Kipriani alikuwa amenyolewa. Alipewa jembe, akaliinua, akapiga mara moja. Udongo ulifunguka. Dada zake wakapiga vigelegele huku wanalia, wakashika majembe yao.

Kelele zilikatika ghafla. Esteri alikuwa amesimama njiani, kitambaa cheusi kichwani. Mfiwa hatembei hivi, na kila mtu alilijua hilo. Inspekta ndiye aliyemweleza yote jana yake, na sasa alijiuliza kama alifanya vyema.

Kipriani aliweka jembe chini. Alipiga magoti palepale juu ya udongo aliougeuza, akakutanisha viganja polepole kama Waha wanavyomwamkia mkubwa.

"Yule kijana hakumuchukia mume wangu?" aliuliza Esteri.

"Hakumchukia. Hakumwona."

"Na wewe ulijua taa ni mbovu."

"Nilijua."

"Kipriani, ulikuwa na mudomo." Sauti yake haikupanda. "Neno moja. Mama yako angekusamehe neno moja."

Akageuka, akaenda zake. Hakuna aliyemfuata, na Kipriani hakuinuka mpaka Venanti alipomshika kwapa.

Pingu alifungwa ndani ya gari, mbali na macho ya dada zake. Waliondoka jua linaelekea kuzama, wakateremka njia ya Kibondo inayopita mashamba ya chini. Kwenye kona ya mwisho ya kijiji Kipriani aliinua kichwa.

"Lile ni shamba la Reverien," alisema.

Venanti alipunguza mwendo. Hakukuwa na moto katika shamba lile, wala debe. Lakini chini ya mihogo mtu alikuwa akitandika mkeka, mrefu, shingo nyembamba, amevaa shati la kawaida lenye kiraka. Nestori hakuwa na bunduki. Alikuwa na fimbo. Aliliona gari, akasimama wima kama askari, halafu akakaa kimya akiutazama upande wa bondeni.

"Nani kamwambia?" aliuliza Inspekta kwa sauti ndogo.

"Aliniuliza jana jinsi inavyofanywa," alisema Venanti. "Nikamwambia."

Kipriani alimtazama kijana yule hadi mihogo ikamficha. Mikono yake ilikuwa inahangaika ndani ya pingu.

"Afande. Ile taa iko wapi?"

"Hapa, chini ya kiti changu."

"Na betri?"

"Nimeitoa," alisema Inspekta.

Kipriani alishusha pumzi, akaegemea kiti na kufumba macho, na gari likaendelea na safari.